Maswali yenu kuhusu kusomea tiba ya usemi na lugha

Nimemaliza kidato cha nne hapa Langoni, Lamu, nami nimepata alama ya C+. Nikitaka kusomea tiba ya usemi, nitafundishwa nini hasa?

Alama hiyo ndiyo ya chini kabisa inayomruhusu mtu kusomea shahada nchini Kenya, lakini kozi za afya kwa kawaida hutazama pia alama za somo moja moja, Biolojia ikiwemo. Katika nchi jirani, Chuo Kikuu cha Makerere kilichoko Kampala kilianza kufundisha shahada hii mwaka 2008. Wanafunzi wengi huingia wakidhani watafundishwa namna ya kumrekebisha mwenye kithembe au kigugumizi, kisha hushangaa kujikuta wakisoma maumbile ya koo na mapafu, neva za ubongo, fonetiki (elimu ya sauti za lugha), isimu (elimu ya lugha), ukuaji wa mtoto, usikivu, na hata namna mtu anavyomeza, kwa kuwa mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa na uji ni wetu pia sisi watibabu wa usemi.

Nasikia kuna saa za kliniki zinazohesabiwa. Ni ngapi?

Kila nchi ina hesabu yake. Marekani, ambako shahada ya kwanza peke yake haitoshi na ni lazima mtu afikie ya uzamili, anayetaka cheti cha chama cha taaluma hutakiwa kutimiza saa 400, ambazo 25 kati yake ni za kutazama na 375 ni za kumhudumia mgonjwa mwenyewe chini ya msimamizi. Saa za kutazama zisidharauliwe. Nilipokuwa mwanafunzi, msimamizi wangu alinipima kwa saa ya mkononi na kunionyesha kwamba nikimuuliza mtoto swali sikumpa hata sekunde mbili kabla ya kumjibia. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kwa picha na vibonzo, kumbe kilichohitajika ni kunyamaza.

Mimi ni mwalimu huku Shela, Lamu. Mtoto wa miaka 6 darasani kwangu husema “ndia”, “tini” na “moya”. Mwanafunzi wa mafunzo aliyekuja kututembelea amesema apelekwe kliniki. Je, ni kweli?

La, Mwalimu, na nakushukuru kwa kuuliza, maana hapa ndipo wanafunzi wetu wanapokosea zaidi. Mtoto huyo anasema Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu. Njia kwake ni ndia, chini ni tini, moja ni moya na maji ni mai, kama alivyosikia kwa mamake na nyanyake. Niliwahi kuona, katika kliniki moja ya mjini, fomu ya mtoto wa Lamu iliyojazwa makosa kuanzia juu hadi chini, na yote yalikuwa Kiamu safi. Aliyeijaza hakuwa mvivu. Kipimo chake kilikuwa kimetungwa kwa Kiswahili sanifu, naye hakuuliza nyumbani kwa mtoto husemwaje.

Tofauti ya lahaja na tatizo la matamshi hujulikana kwa kulinganisha na wazee wa nyumba ile ile. Akisema “tini” kwa maana ya chini, amesema sawa. Lakini akisema “tuku” kwa maana ya kuku, hilo halimo katika Kiamu wala katika Kiswahili cha popote, na kwa mtoto wa miaka 6 linafaa kuchunguzwa, kwa sababu kosa la aina hiyo kwa kawaida huwa limeondoka miaka miwili kabla. Sikio la mgeni hupitwa na mengine pia: Mwamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi inayotoka midomoni, na mwanafunzi asiyeisikia hawezi kujua kama mtoto ameikosa.

Nipo mafunzoni Malindi. Bibi ya mtoto wa miaka miwili na nusu asiyesema anataka akatwe kimeo. Nimjibu vipi bila kumvunjia heshima?

Mwamkie kwanza, uketi, umsikilize mpaka amalize. Kisha mwambie waziwazi kwamba kimeo hakifungi maneno, na kwamba kukikata kunaweza kuleta damu nyingi na maambukizi. Usiishie hapo, kwani ukimwondolea tiba yake bila kumpa kazi nyingine atakwenda kwa mkataji. Mwombe akutajie maneno yote ambayo mtoto huyaelewa hata kama hayasemi, na kama hugeuka akiitwa kwa nyuma; yeye ndiye anayeshinda naye, na majibu yake yatakuwa bora kuliko ya fomu yako. Baada ya hapo mwandikieni rufaa ya kupimwa masikio, kabla ya jambo lingine lolote.