Binti amerudi nyumbani kutoka Mtwapa na haongei: jibu langu kwa mama yake mdogo

Mama mdogo, pole sana, na hongera kwa kuuliza wakati wengine wangenyamaza. Nitayarudia maelezo yako kwa ufupi ili na wanaosoma wafuate. Binti wa marehemu dada yako ana miaka 15. Alichukuliwa kijijini na mwanamke wa ukoo wenu akiahidiwa kazi ya saluni Mtwapa. Kazi haikuwepo. Aliwekwa chumba kimoja na wasichana wenzake, akawa anapelekwa kwa wanaume, wenyeji na wageni, na pesa zinashikwa na yule mwanamke. Juzi amerudi. Usiku halali, mchana haongei, na wajomba wameitisha kikao aje aeleze yote mbele ya wazee. Unauliza umsaidieje, na umlindeje mdogo wake wa miaka 12.

Mimi ni mlezi katika nyumba ya hifadhi ya wasichana hapa Kilifi, pwani ya Kenya, na nimelea wengi waliotoka huko huko. Nitakueleza nilivyoona.

Kikao kisifanyike. Waambie wajomba kwa heshima zote lakini usilegee. Mtoto akisimamishwa mbele ya wanaume wa familia na kuulizwa "ilikuwaje", "na kwa nini hukutoroka", anasikia kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Kila anaposimulia upya kwa mtu mwingine, anayapitia tena. Maelezo yake yatahitajika, ndiyo, lakini kwa watu wachache wenye kazi hiyo: daktari, polisi wa dawati la jinsia, na baadaye hakimu. Wewe nyumbani huna haja ya kujua kila kitu. Akitaka kukwambia, msikilize mpaka mwisho, usimkatize, usilie kuliko yeye, na usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kumlinda, na umtajie ni akina nani.

Hospitali mwende hata kama siku zimepita. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72 tangu kitendo na kumezwa siku 28, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafaa ndani ya saa 120. Lakini hata muda huo ukipita kuna vipimo vya VVU na mimba, tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na mshauri nasaha. Coast General pale Mombasa ina kituo maalum cha watu waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, na hospitali za kaunti nazo zinahudumia. Katika hospitali ya serikali matibabu haya hayafai kutozwa. Daktari atajaza fomu ya PRC, yaani fomu ya huduma baada ya kubakwa, ambayo ina nakala tatu: ya polisi, ya hospitali, na ya mtoto. Hiyo ya mtoto ishike wewe, uifiche vizuri. Nguo alizorudi nazo kama bado hazijafuliwa, zitie kwenye bahasha za karatasi, kila nguo bahasha yake. Mfuko wa plastiki unaozesha ushahidi. Na kabla hajapimwa, mwambie daktari amweleze kila hatua, na mtoto akisema "ngoja", angojwe. Kwa muda mrefu mwili wake umeamuliwa na wengine.

Sasa nyumbani, ambako ndiko kazi kubwa iliko.

Jambo linaloshangaza familia nyingi ni hili: binti anaweza kumtetea yule mwanamke. Atasema "alininunulia simu", "alinipeleka hospitali nilipougua". Msimkaripie. Walanguzi wa watu hawaanzi kwa kipigo. Wanaanza kwa chakula, nguo, sifa, na neno tamu ambalo mtoto yatima huenda hajalisikia tangu azikwe mama yake. Deni linakuja baadaye: nauli, kodi ya chumba, rasta, simu, vyote vinaandikwa, na mtoto anaamini anadaiwa. Nimepokea wasichana ambao kitu cha kwanza kilichowasumbua usingizini ni deni hilo. Mwambie wazi, na urudie: hudaiwi hata shilingi moja.

Na yule mwanamke atapiga simu. Karibu wote hupiga. Leo anabembeleza, kesho anatisha kwamba atatuma picha kijijini. Ukimnyang'anya binti simu kwa nguvu, umekuwa mtu mwingine anayemtawala. Kaa naye, kubalianeni abadilishe laini, na ile ya zamani msiitupe wala kufuta ujumbe. Ina namba, majina, na rekodi za M-Pesa. Huo ni ushahidi ambao sijaona wakili akiupinga kwa urahisi.

Niliwahi kumlea mmoja aliyekuwa analala na viatu miguuni, mgongo umeegemea mlango. Hatukumwambia avue. Tulimpa komeo la ndani na ufunguo wake mwenyewe, tukamwonyesha kwamba tukitaka kuingia tunabisha hodi na kungoja. Akawa anaamka na mpishi alfajiri kukata mahamri, kwa sababu usingizi ulikuwa hauji na jikoni kulikuwa na mwanga na mtu. Miezi ikapita. Siku moja viatu vilikuwa nje ya mlango. Hakuna aliyesema kitu. Basi na wewe mpe binti vitu vidogo vya kuamua: ale nini, alale chumba gani, nani aambiwe na nani asiambiwe. Atakasirika bila sababu unayoiona, atavunja sahani, atakuita majina. Shikilia ratiba ya nyumba, usimpige kamwe, na usimtupie neno "umezoea pesa". Neno hilo moja nimeona likimrudisha msichana stendi asubuhi yake.

Maombi au dua ni sawa kama anataka, lakini asitolewe ushuhuda mbele ya watu. Shule, serikali ilitoa mwongozo mwaka 2020 wa kuwarudisha darasani wanafunzi walioacha masomo, hata kwa mimba. Kama kijiji kimeshajua, mtafutie shule nyingine, na mwalimu mmoja tu aambiwe.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua shinikizo linakuja. Ukoo utataka mambo yamalizwe kinyumbani: mbuzi, faini, kusameheana. Kataa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 afungwe si chini ya miaka 20. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Watu ya mwaka 2010 inampa mlanguzi si chini ya miaka 30, au faini isiyopungua milioni 30, au vyote viwili. Hapo kumsafirisha mtoto ili anyonywe kunatosha kuwa kosa. "Alikuja mwenyewe" haimwokoi mtu. Na kesi ikishafunguliwa, uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si wa mjomba, si wa chifu. Mahakamani mwombe mwendesha mashtaka mtoto alindwe asitazamane na mshtakiwa, kwa pazia au kupitia mtu wa kumsemea. Hilo limo katika sheria hiyo ya 2006. Tena hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli, anaweza kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake, mradi aandike sababu zake.

Msidhani pia kwamba hii ni shida ya wazungu wa mahoteli tu. Utafiti wa UNICEF na serikali wa mwaka 2006 katika Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale ulikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 wakinyonywa hivi, na wateja kutoka Kenya walikuwa wengi kuliko wa taifa lolote jingine. Wageni nao hawako juu ya sheria: Mwingereza Simon Harris, aliyejifanya mfadhili, alitiwa hatiani Birmingham mwaka 2014 kwa kuwadhulumu wavulana wa mitaani Gilgil. Wavulana, nasisitiza, maana wengi hawawaulizi watoto wao wa kiume.

Sasa huyo wa miaka 12. Nilichoona kikiwapeleka wengi ni vitu vidogo: pedi, nauli ya boda, chakula cha mchana, vocha. Mwanamume anayempa lifti ya bure kila siku anaweka akiba ya kudai. Mpangie hivyo vitu wewe, hata kwa kujinyima, ili asiwe na sababu ya kuvipokea kwingine. Disko matanga, zile ngoma za usiku za msibani, asiende, na usione haya kumkatalia mbele ya jamaa, maana usiku ule watu wazima wamelewa na hakuna anayehesabu watoto. Mtu akija na habari ya kazi ya mjini, hata awe shangazi wa damu, uliza jina la mwajiri, mtaa, namba ya simu ya pale kazini, kisha umwambie utaenda mwenyewe kukagua kabla mtoto hajaondoka. Mwenye nia njema atakungoja. Mtoto wa miaka 12 jibu lake ni shule, kazi haipo. Na mfundishe namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, usiku na mchana. Amwambie mdogo kwamba dada yake hakukosea. Hapana, nisahihishe: umwambie wewe, dada asibebeshwe mzigo huo.

Leo hii piga 116 uunganishwe na afisa wa watoto wa kaunti yenu ndogo, kisha nendeni pamoja kituoni. Beba cheti cha kuzaliwa cha binti na nakala ya PRC, kwa sababu umri wake ndio nguzo ya kesi. Omba dawati la jinsia, omba P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Wataje pia wale wasichana wengine aliowaacha katika chumba kile. Kituo kimoja huku kiliwahi kutuambia turudi tukiwa na mshukiwa mkononi. Wakikwambia hivyo, andika jina la aliyekuhudumia na saa, umpigie afisa wa watoto ukiwa bado umesimama pale kaunta.