Maswali ya Wasomaji: Seti Mbili, Rezini na Jeti Moja

Barua tatu za toleo hili zinatoka katikati ya nchi, na zote zinahusu kazi moja, yaani kuunganisha vipande vya plastiki na vya rezini (utomvu wa kemikali unaomiminwa kwenye kalibu ukaganda) katika modeli ya ndege ya kivita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa mambo ambayo wengi wameniuliza kwa nyakati tofauti.

Swali: Shikamoo mzee. Ninaishi Nkuhungu, Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa nne wa kuunda modeli. Nimepata seti mbili za plastiki za uwiano wa 1:48 (yaani ndege halisi imepunguzwa mara 48), moja ya MiG-21F-13 na nyingine ya MiG-21MF, matoleo mawili ya jeti moja ya kivita ya Kisovieti, pamoja na pakiti ya rezini yenye chumba cha rubani, kiti na bomba la injini, ikiambatana na kioo kipya cha juu. Ninataka kuunda J-7 II ya Kichina, ambayo ni ya ukoo mmoja na F-7 za jeshi letu (F-7 ni jina la J-7 zilizouzwa nje ya China). Pua na magurudumu ya MF yamechongwa vizuri kuliko ya F-13, je, naweza kuyahamisha? Pili, nilibandika chumba cha rubani kwa gundi ya plastiki, na asubuhi nikakikuta kimeachia chenyewe. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalobeba kazi yote iliyo mbele yako.

Gundi ya modeli za plastiki si gundi kwa maana ya kunata. Ni kimiminika kinachoyeyusha polistirini, yaani plastiki ya seti hizi, hivyo kingo mbili zinapokutana hulainika, huingiliana, na kimiminika kikishakauka huwa zimekuwa kitu kimoja. Rezini ya kumimina kwenye kalibu haiyeyushwi na kimiminika hicho. Upande mmoja wa kiungo chako ulilainika na kukauka tena, wakati upande wa pili haukushikwa na chochote, na ndiyo maana ulikikuta kimeachia. Kwa hiyo tangu sasa yatazame maungio ya rezini na plastiki kama seremala anavyotazama mahali mbao inapokutana na chuma: hayatakuwa mwili mmoja hata siku moja, na lazima uyapangie namna ya kushikana. Gundi zinazofaa ni mbili, supaglu na ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa kabla ya kupakwa. Supaglu hushika haraka lakini haipendi kupigwa kwa ubavu. Ile ya mirija miwili inakupa dakika kadhaa za kusogeza kipande hadi kikae sawa, nami ndiyo ninayoitumia kila mahali penye uzito.

Kabla ya gundi yoyote, osha rezini. Watengenezaji hupaka kalibu mafuta ili kipande kitoke bila kukwama, na mafuta hayo hubaki juu ya kipande hata kama huyaoni kwa macho. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani vinatosha, kisha acha vipande vikauke usiku kucha. Ukipuuza hatua hii, si gundi tu itakayokataa bali hata rangi itabanduka siku utakapotoa utepe wa kuzibia.

Sasa nije kwenye pua na magurudumu. Hapa nakuomba uivumilie kazi ya kupima, kwa maana jibu langu ni kwamba usiyahamishe. J-7 ilitokana na MiG-21F-13, ambayo China ilipata haki ya kuiunda kwa makubaliano na Umoja wa Kisovieti mwaka 1961, na ya kwanza iliyoundwa China iliruka Januari 1966. MF ni ya kizazi cha baadaye, yenye rada kubwa zaidi puani, na kwa sababu ya rada hiyo mdomo wa kuingizia hewa ulipanuliwa kutoka kipenyo cha milimita 690 hadi 870. Gawanya kwa 48: pua ya F-13 inatakiwa kuwa na mdomo wa milimita 14.4 na ya MF 18.1. Tofauti ya karibu milimita nne kwenye modeli inayotosha kukaa juu ya daftari haiwezi kufichwa kwa puti wala kwa rangi, na mtu yeyote anayeijua ndege hiyo ataiona akiwa mlangoni. Magurudumu nayo yana hadithi hiyohiyo. Yale makuu ya F-13 yalikuwa na kipenyo cha milimita 660, na ndege ilipozidi uzito yakaongezwa hadi 800. Kwa uwiano wako ni milimita 13.75 dhidi ya 16.7, na hayo makubwa hayatakaa vyema ndani ya nafasi iliyoundiwa madogo.

Je, seti ya MF haina faida kwako? Inayo, na hapa ndipo kuchanganya seti kunapokuwa na maana. J-7 II, ambayo iliruka mara ya kwanza mwishoni mwa 1978, ilihamisha parachuti ya kupunguzia mwendo kutoka chini ya tumbo la ndege na kuiweka kwenye kasha lililo chini ya mkia wima. MF pia ina kasha mahali hapo. Unaweza kukata kasha hilo peke yake kutoka kwenye mkia wa MF, ukaliweka juu ya mkia wa F-13, kisha ukalichonga polepole huku picha za ndege halisi zikiwa mbele yako, mpaka umbo likubaliane nazo. Usiuchukue mkia mzima, kwa sababu wa MF ni mpana kuliko unaouhitaji. Vilevile kioo cha MF kiache kwenye boksi: kifuniko chake hufunguka kwa kulalia upande wa kulia, kile cha F-13 hufunguka kwa kuinukia mbele, na cha J-7 II kina kioo cha mbele kisichosogea na kifuniko kilichofungwa bawaba nyuma. Kioo kilichokuja na pakiti yako ya rezini ndicho sahihi.

Nisisitize jambo ambalo vijana wengi hulikosea. Chagua seti moja iwe mama, na vipande vingine vyote vije kwake. Mama yako ni F-13. Upana wa mabawa ya ndege halisi ni mita 7.154, ambao kwa 1:48 ni milimita 149. Pima kwa rula ya chuma kabla hujakata chochote. Nimewahi kuona seti ya zamani iliyoandikwa 1:48 huku mabawa yake yakitoa milimita 143, ambayo ni 1:50, na fundi aliyeichanganya na vipande vya 1:48 alihangaika wiki nzima akidhani mkono wake ndio wenye kosa. Rezini nayo husinyaa kidogo inapoganda, hivyo usishangae bomba la injini likiwa jembamba kuliko tundu lake kwa unene wa karatasi. Pengo hilo lizungushie ukanda wa plastiki nyembamba kabla ya kubandika, wala usiliachie gundi kazi ya kujaza.

Chumba cha rubani ndicho kitakachokula muda wako. Kipande cha rezini kimechongwa kwa kudhani kwamba kuta za bodi ya plastiki, yaani kiwiliwili cha ndege, zitapunguzwa unene, na kama hutazipunguza, nusu mbili za bodi hazitafunga hata ukizikaza kwa vibanio. Nieleze ninavyofanya. Ninashika nusu ya bodi kwa mkono wa kushoto huku tochi ya simu ikiwa imewashwa nyuma yake, kisha ninakwangua upande wa ndani kwa kisu chenye makali ya mviringo, kidogo kidogo, mahali ambapo chumba kitakaa. Mwanzoni plastiki huwa nyeusi tii mbele ya mwanga. Inapoanza kuonyesha wekundu wa mwanga kama sikio la mtoto mbele ya jua, ninaacha hapohapo na kujaribisha kipande bila gundi. Mara nyingi hurudia mara saba au nane. Kitako cha rezini kilichobaki chini ya chumba hukatwa kwa msumeno mwembamba kama wa masonara, tena kikatwe upande wa chini pekee ili usiguse viwiko vya kiti wala paneli za swichi. Fanya kazi hii rezini ikiwa imelowa maji na umevaa barakoa, kwa kuwa vumbi lake ni laini kuliko vumbi la barabara zetu na linapoingia mapafuni halitoki kwa urahisi. Usikubali watoto wakae mezani wakati huo.

Kuhusu uimara, toboa kwa keekee ndogo matundu mawili katika kila kipande kizito cha rezini, na mengine yanayolingana nayo kwenye plastiki, uingize vijiti vya waya wa klipu ya karatasi. Nilijifunza hili kwa uchungu: nilisafiri na modeli kutoka Dodoma kwenda Kongwa, na nilipofungua boksi nikakuta bomba zima la injini limechomoka na kuukwaruza mkia uliokwisha kupakwa rangi. Kiungo hicho hakikuwa na waya hata mmoja.

Mwisho wa barua yako hukuuliza juu ya uzito, lakini nitakujibu kabla hujaumia. Ndege hii husimama kwa magurudumu matatu, na bomba la rezini litavuta mkia chini. Utahitaji uzito puani. Chubwi za nyavu, kama zile wanazotumia wavuvi wa Mtera, zinafaa sana. Ziweke ndani ya koni ya puani na chini ya sakafu ya chumba cha rubani. Funga bodi kwa utepe kwanza, weka mabawa na mkia, kisha jaribu kusimamisha ndege kwenye vidole viwili mahali magurudumu makuu yatakapokaa. Isipoinamia mbele, ongeza chubwi nyingine. Zishikishe kwa gundi ya mirija miwili, kamwe si kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu risasi, madini ya chubwi hizo, ikifungiwa pamoja na gundi hiyo hupata kutu nyeupe inayovimba, na baada ya miaka michache bodi hupasuka. Ukishamaliza kushika risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Swali: Mzee, mimi niko Kondoa. Nilibandika kifuniko cha kioo cha jeti yangu kwa supaglu wakati wa mvua, na siku ya pili kioo kikawa na ukungu mweupe kwa ndani. Nimejaribu kupangusa kwa pamba bila mafanikio. Je, kioo kimeharibika?

Jibu: Hakijaharibika kama bado unaweza kukibandua. Ukungu huo ni mvuke wa supaglu yenyewe uliopanda na kuganda kwenye kioo, na hutokea zaidi gundi ikiwa nyingi, hewa ikiwa na unyevu na nafasi ikiwa imefungwa. Vyote vitatu ulikuwa navyo. Kibandue kwa uangalifu, sugua kwa msasa wa maji namba 2000, kisha kwa dawa ya meno kwenye kitambaa laini mpaka kiwe angavu. Kukirudisha, tumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka ikawa haina rangi na haitoi mvuke wa aina hiyo. Nayo supaglu yote uliyoitumia ndani ya chumba cha rubani uiache wazi usiku mzima kabla ya kufunika.

Niongeze kwa faida ya wenzako wa Dodoma mjini, kwamba wao hupata tatizo lililo kinyume. Supaglu hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani, na katika kiangazi chetu, hasa kati ya Juni na Oktoba, hewa huwa kavu kiasi kwamba tone nene linaweza kubaki bichi katikati kwa muda mrefu. Tumia tone dogo na kipulizie kiungo pumzi yako taratibu mara moja au mbili. Wapo wanaonyunyiza bikaboneti ya soda juu ya supaglu ili iwe ngumu papo hapo. Inafanya kazi na inajaza mapengo vizuri, ila piga msasa ndani ya dakika chache, kwa sababu ikishapoa huwa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni yake, na msasa wako utaila plastiki na kukiacha kichuguu.

Swali: Nimepokea mabawa ya rezini kutoka nje, yamepinda kama upinde. Niyarudishe? Ni msomaji wako wa Mpwapwa.

Jibu: Usiyarudishe. Chemsha maji, yaepue, yaache kwa dakika chache mpaka yasiwe yanatokota, kisha tumbukiza bawa kwa nusu dakika. Litalainika. Lilaze juu ya kipande cha kioo cha dirisha kilichonyooka, likandamize kwa kitabu chenye kitambaa chini yake, na ukiona limekaa sawa limwagie maji ya baridi huku ukiendelea kulishikilia. Likigoma, rudia, kunyoosha mara mbili kwa joto la wastani ni salama kuliko mara moja kwa maji yanayochemka, ambayo hulegeza kingo nyembamba za nyuma zikawa na mawimbi. Likishanyooka, chomeka waya wa chuma kutoka bawa moja hadi jingine kupitia kwenye bodi, na usiiache modeli ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana rezini iliyowahi kupinda hupinda tena kwa urahisi.