Mama yupo kwenye dripu za saratani: majani ya mstafeli na vidonge vya manjano vipi?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Mpwapwa. Alitolewa titi, sasa anakuja Dodoma mjini kuwekewa dripu kila baada ya wiki tatu. Amemaliza mbili kati ya nne. Ile dawa nyekundu inamtapisha sana na nywele zimeisha. Shangazi amemletea majani ya mstafeli ya kuchemsha, unga wa mwarobaini na vidonge vya manjano vyenye pilipili manga, anasema hivyo vinatibu bila kutesa. Tumeambiwa baadaye atameza tamoksifeni, kidonge cha homoni, kwa miaka. Je, atumie vyote pamoja, au aache dripu kwanza apumzike? Na daktari tumwambie? Tunaogopa atafoka.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na hilo neno "apumzike", maana limenishtua kuliko mstafeli. Zile siku 21 zina hesabu yake. Dawa inapiga chembe zinazogawanyika haraka, za saratani na za mwili pia, ndiyo maana nywele zimekwenda. Kisha uboho unapewa nafasi ya kutengeneza damu upya, na dawa inarudi kabla saratani haijajipanga. Daktari akisogeza tarehe kwa sababu damu haijapanda, sawa. Mkiisogeza nyumbani mnaipa saratani likizo.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa waliochanganya tiba za hospitali na tiba za nyongeza. Hatari yao ya kufa ilikuwa kama mara mbili ya wenzao waliotumia tiba za hospitali peke yake. Walipochimba zaidi wakakuta kwamba wengi wa hao walikuwa wamekataa sehemu ya matibabu: huyu upasuaji, yule dripu, mwingine mionzi au vidonge vya homoni. Kukataa huko kulipoingizwa kwenye hesabu, tofauti haikuonekana tena. Kwa hiyo jani linaloniogopesha zaidi ni lile linalomfanya mama asipande basi siku ya kliniki. Sisi tulioona foleni za kikombe cha dawa ya babu wa Loliondo mwaka 2011 tunalijua hilo.

Sasa kutapika, maana ndiko kunakomkimbiza. Swali langu la kwanza: vidonge vya kuzuia kutapika anavimeza saa ngapi? Wengi huvitunza "mpaka hali iwe mbaya". Ikishakuwa mbaya anavitapika navyo. Vimezwe kwa ratiba mliyoandikiwa, hata kama anajisikia vizuri, na kama vimeshindwa, semeni kabla ya dripu ya tatu, kwa sababu kuna vingine vya kuongeza. Juu ya hivyo, tangawizi inaruhusiwa na ina ushahidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 wenye wagonjwa 576 ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, pamoja na dawa za kawaida, hupunguza kichefuchefu cha siku ya kwanza. Gramu moja ya unga ni kama nusu kijiko cha chai, siyo kikombe kizima kinachowasha mpaka masikioni. Kama anatumia dawa ya kuyeyusha damu, au chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, zimeshuka, aulize kwanza.

Uchovu nao una dawa isiyouzwa: kutembea. Najua inaonekana kama utani kumwambia mtu aliyelala atoke nje, lakini kwa uchovu wa saratani mazoezi yamethibitika vizuri kuliko chupa yoyote ya sokoni. Aanze na dakika kumi asubuhi kabla jua la kwetu halijakaza, akiweza afike nusu saa, mara tatu kwa wiki. Mdomo ukitoka vidonda, asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na aache juisi ya ubuyu kwa muda, itamchoma. Mlenda utapita wenyewe.

Tuje kwenye mzigo wa shangazi. Tunda la stafeli akilitamani ale kipande. Majani ndiyo siyakubali. Ni kweli maabarani yameua chembe za saratani, lakini hata jiki inaziua ukiimwaga kwenye kichupa. Hakuna utafiti wa kuaminika ulioonyesha kuwa yamemponya binadamu. Mmea huo una kemikali iitwayo annonasini, inayodhuru chembe za neva, na mwaka 1999 watafiti wa kisiwa cha Guadeloupe waliuhusisha ulaji wa matunda ya jamii hiyo na chai ya majani yake na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa.

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge ni kitu kingine, na hivyo vyenye pilipili manga ndivyo vinavyonipa wasiwasi zaidi. Pilipili manga huwekwa ili manjano yaingie kwa wingi kwenye damu, na inaingilia pia namna mwili unavyoshughulikia dawa nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi waliwapa vidonge vya manjano wanawake wachache waliokuwa wakimeza tamoksifeni. Kiasi cha endoksifeni, ambayo ndiyo tamoksifeni iliyokwisha kugeuzwa na mwili ifanye kazi, kilishuka, na kilishuka zaidi pilipili manga ilipoongezwa. Mtameza dawa miaka yote hiyo huku mkiipunguza nguvu wenyewe.

Mwarobaini je? Hapa nakusimulia. Kuna bibi mmoja alikuja kliniki, vipimo vya ini vimepanda, dripu ikaahirishwa. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, inasafishwa na ini, kwa hiyo ini likilalamika dozi inapunguzwa au inasubiri. Tukamuuliza mara tatu: mama, kuna dawa ya kienyeji unayotumia? Hakuna. Mjukuu wake aliyekuwa anachezea kamba ya kikapu akasema, "Na ile ya kwenye chupa ya soda?" Ikatolewa: maji ya mwarobaini, ya kijani, mazito, nusu imeshanywewa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoharibu vipimo, lakini alipoiacha, wiki mbili baadaye vikashuka na dripu ikaendelea. Unga usio na lebo una shida nyingine pia, kwani hujui ulikaushwa wapi. Dodoma na Manyara tulizika watu mwaka 2016 kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye nafaka, na ukungu huo huo huota kwenye mizizi na majani yaliyohifadhiwa na unyevu. Asiutumie.

Hukuuliza kuhusu chale na kuumikwa, ila naona shangazi ni mtu wa bidii, kwa hiyo naliweka wazi: visifanyike kabisa kipindi hiki. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe huwa chini sana, na kijeraha kidogo kinaweza kuleta maambukizi ya kuua. Joto likifika 38, hata kama ni saa nane za usiku, msianze na panado mkasubiri kupambazuke. Nendeni hospitali, na mtaje mlangoni kwamba yupo kwenye dripu za saratani. Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu ni rangi ya dawa tu, ukizidi hapo semeni.

Daktari mwambieni. Wekeni kila kitu kwenye mfuko mmoja, majani, unga, vidonge na makopo yake, mje nao kliniki. Akifoka, muulizeni mfamasia wa wodi, sisi tumezoea kufungua mifuko.

Na shangazi msimfukuze. Mpeni kijiko cha kupimia tangawizi, mpeni saa ya vidonge vya kutapika, na asubuhi yeye ndiye amshike mama mkono watoke. Mlenda nao apike yeye, karanga azichambue kwanza, zilizokunjamana na zenye ukungu atupe.