Swali la Lugha: Kani au torki?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Niko karakana ya boti huku Kibirizi, Kigoma. Tunaunda stendi ya kugeuzia injini ikiwa na fremu yake, mzigo wa kilo 40 wenye umbo lisilo la kawaida. Kitovu cha uzito kiko sentimita 15 kutoka kwenye ekseli. Nimeandika: "Kani ya kuzungusha mzigo ni nyutoni mita 59." Msimamizi kaipigia mstari mwekundu. Kulikoni?

JIBU: Marahaba. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Mstari umelistahili neno "kani", ambayo hupimwa kwa nyutoni peke yake. Ukishataja mita umeingiza urefu wa mkono, yaani umbali kutoka ekseli hadi kani inaposhika, na hapo jina ni torki, au "momenti ya kani" ukipenda lugha ya vitabuni. Fundi anayechomeka bomba kwenye mpini wa spana ili nati yenye kutu ilegee hajaongeza kani hata chembe: anasukuma kwa nyutoni 200 zilezile, ila urefu umetoka sentimita 20 hadi 60, na torki imepanda kutoka nyutoni mita 40 hadi 120. "Nguvu ya kuzungusha" mwambie mteja, ripotini iache. Nguvu tumeibebesha mengi mno, mpaka umeme.

Sentensi yenyewe bado ina deni. Kilo 40 mara 9.8 (mvutano wa dunia) mara mita 0.15 inakupa torki ya kuushikilia mzigo pale kitovu cha uzito kinapokuwa usawa mmoja na ekseli, mkao mzito kuliko yote. Kushikilia si kuzungusha. Ili mzigo uanze kwenda, ongeza msuguano wa beringi, kisha momenti ya inesha (ukaidi wa mzigo kubadili mzunguko wake) mara mchapuko wa mzunguko, yaani kasi yake inavyoongezeka. Usilichanganye hilo jina la momenti: hii ya inesha hupimwa kwa kilogramu mita mraba, na kwa mzigo kama wako unaugawa vipande, unahesabu momenti ya kila kipande kutoka kwenye ekseli, unajumlisha.

"Umbo lisilo la kawaida" nalo silipendi. Injini ya boti Kibirizi ina ugeni gani? Sema "umbo lisilo linganifu". Na ikiwa mnaupindua mzigo mara moja tu ili kuchomelea upande wa pili, huko ni kugeuza. Kuzungusha iachieni rafadha, pangaboi la boti.

Basi iandike hivi: "Torki ya kuushikilia mzigo, kitovu cha uzito kikiwa usawa na ekseli, ni nyutoni mita 59."