Fundi wa Ngamiani anajibu: Nipige Windows upya au niweke Linux?

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari moja huku Newala. Mwaka juzi nilinunua laptopu ya mtumba, ThinkPad T420, kwa shilingi 260,000. RAM ni GB 4, diski GB 320, na ilikuja na Windows 10 iliyokwisha pigwa. Siku hizi nikiiwasha naweza kwenda kuchota maji nikarudi, bado vidoti vinazunguka. Kila asubuhi inaandika 0271 na kunidai tarehe. Fundi wa hapa anataka 20,000 apige Windows upya. Mpwa wangu aliyeko chuo anasema niweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ni bure. Naogopa kupoteza mitihani yangu iliyomo. Nimsikilize nani, na naweza kufanya mwenyewe?
Mwalimu, Newala

Marahaba, Mwalimu. Kabla hujamsikiliza mpwa au fundi, isikilize mashine yenyewe. Ngoja usiku, watoto wakishalala na redio imezimwa, uiwashe na kubandika sikio pale unapoegesha kiganja ukiandika. Diski nzima ya kuzunguka huvuma taratibu kama feni ya mbali. Ukisikia tk, tk, kimya, halafu tk tena, ujue diski inakata roho. Hapo hata Windows ipigwe mara kumi, utakuwa unapaka rangi nyumba iliyoliwa na mchwa, na 20,000 yako imekwenda.

Hata kama haigongi, T420 zilitoka 2011, na yawezekana diski ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mteja akiniletea mashine ya namna hii sigusi mfumo kabla sijamshawishi anunue SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 240. Kwenye T420 kazi yenyewe ni skrubu moja. Toa chaja, toa betri, fungua kifuniko cha diski kwa chini, vuta diski kwa ule ulimi wake. Zile raba mbili za pembeni zivue uzivishe SSD, kisha uirudishe mahali pake. Nafuu utakayoiona ni kubwa kuliko ya Windows mpya yoyote. Halafu kuna faida ninayoipenda zaidi: diski ya zamani inabaki kabatini na mitihani yako yote, haijaguswa. Ukikosea usakinishaji mara tatu, hujapoteza hata swali moja.

Ninalisisitiza hili kwa sababu kuna siku niliharibu. Mama mmoja aliniletea laptopu nipige Windows. Nikamuuliza, "Una kitu cha muhimu kwenye C?" Akasema hana, vitu vyake vyote viko "hapa mbele". Sikumuuliza hapa mbele ni wapi. Nikafuta C, yaani sehemu ya diski inamokaa Windows, nikapiga mfumo, mashine ikawa nyepesi, nikamwita kwa furaha. Akakaa kwenye benchi langu, akaitazama skrini, akauliza picha ziko wapi. Hapa mbele kwake ilikuwa deskitopu, na deskitopu iko ndani ya C hiyo hiyo. Zilikuwa picha za arobaini ya mumewe. Pesa nilimrudishia, picha sikuweza. Tangu hapo sitaji tena C wala D kwa mteja. Tunafungua pamoja, tunanakili, kisha tunafungua faili mbili tatu kutoka kwenye hiyo nakala tuone kweli zinafunguka.

Sasa mfumo gani. Windows 11 ya halali hupati kwa T420. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yako ni kizazi cha 2. Njia za kuizunguka zipo, lakini mimi simfungi mwalimu kwenye mashine ambayo kila sasisho kubwa linaweza kumletea kesi mpya. Windows 10 nayo, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Na fundi anayekupigia kwa 20,000, muulize leseni ameipata wapi. Akikuomba kwanza uzime kinga ya virusi, ujue anataka kuichakachua, na hicho anachochakachulia hujui kimebeba nini kingine.

Kwa hiyo mpwa kakushauri vizuri. Chukua Linux Mint, toleo la 22, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Inasasishwa hadi 2029. Faili lake linakaribia GB 3, basi lisubirie bando la usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu iitwayo Rufus, na kumbuka flashi itafutwa yote, kwa hiyo nyimbo za kwaya zihamishe kwanza. Chomeka, washa, na neno Lenovo likitokea tu gonga F12 mfululizo hadi ije orodha, uchague flashi.

Hapo usisakinishe. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski, na hii ndiyo nafasi yako ya kuijaribu. Iache diski ya zamani ndani, nenda nayo shuleni, iunganishe na projekta, piga sauti, jaribu Wi-Fi. Nakili mitihani kwenda flashi nyingine. Halafu fungua mtihani mmoja wa zamani, ule wenye kanuni nyingi na michoro, kwa LibreOffice, programu ya kuandikia hati ambayo imo humo humo.

Nakutuma huko makusudi, maana hapa ndipo wapwa hawasemi yote. Hati ya Word itafunguka, lakini swali la 7 laweza kurukia ukurasa wa pili, jedwali likapanuka, alama ya kipeuo cha pili ikakaa mbali na namba yake. Ukiandika mitihani mipya humo humo hutapata tabu, ila ukienda stationeri kuchapisha peleka PDF, usipeleke hati yenyewe. Na kama karatasi yako ya Excel ya kujumlisha alama ina makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe, ijaribu siku hiyo hiyo kwa alama za darasa moja. Ikigoma, bora ujue kabla ya wiki ya matokeo.

Ukiridhika, zima, weka SSD, washa tena kwa F12, bofya alama ya kusakinisha na uchague kufuta diski yote, kwa kuwa sasa diski iliyomo ni tupu. Kama hakuna Wi-Fi, chomeka simu ya Android kwa waya na uwashe kushiriki intaneti kwa USB, Mint inaipokea yenyewe.

Hiyo 0271 ni betri ya saa imekufa. Ni CR2032, lakini ya ThinkPad imefungwa plastiki na ina nyaya mbili zenye plagi, usije ukauziwa ya duara tupu. Hadi uipate, rekebisha tarehe kila asubuhi, la sivyo tovuti nyingi zitakukatalia.

Fundi, nimenunua ThinkPad mnadani. Nikitaka kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine, ili niweke mfumo mpya inadai nenosiri, na muuzaji hapokei simu. Nitoe ile betri ndogo ya saa?
Msomaji, Pangani

Usiitoe, haitasaidia. Kwenye ThinkPad nenosiri la msimamizi linakaa ndani ya chipu, halifi kwa kukosa betri. Mashine yenye nenosiri la mtu mwingine yaweza kuwa ilitupwa na ofisi fulani bila kufunguliwa, au iliibwa. Mrudie muuzaji pale pale mnadani siku ya mnada, na ubebe risiti. Mezani kwangu pia ndiyo kitu cha kwanza nitakachokuomba.