Kulala kwenye shamba la mtu chini ya mwamba: yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema

Kuna kiwanja kidogo cha nyasi chini ya mwamba mmoja ambao jina lake silitaji hapa, na kwa nini silitaji ndo nusu ya makala hii. Tulilala pale misimu mitatu, mimi na mwenzangu ninayepanda naye miamba, kwa ruhusa ya mzee mwenye shamba, hakuna karatasi wala risiti wala kibao cha kambi. Leo getini kuna mnyororo na kufuli. Mwamba upo, ruti zote (njia za kupandia ukutani) zipo, ila ukitaka kufika inabidi uzungukie upande wa pili, saa moja na nusu kwa mguu na kamba mgongoni, maana njia fupi ilikuwa inapita kwa mzee. Na sisi tulichangia ule mnyororo ufungwe, hilo nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma.

Nianze na siku ya kwanza kabisa, maana kosa la kwanza tulilifanya hapo hapo. Tulifika jua linazama, tumechoka, tukamkuta kijana anarudisha ng'ombe, tukamuuliza kaka tunaweza kulala hapa, akasema laleni tu hakuna shida. Sisi tukaona tumepewa ruhusa. Asubuhi kabla hata hatujatoka kwenye slipingi begi tukasikia sauti nje inauliza nyie ni nani na nani kawaleta, na ni sauti ya mtu aliyekasirika kweli, na alikuwa na haki. Yule kijana alikuwa anapita tu na mifugo yake, shamba halikuwa la kwao. Kwa hiyo jamani, swali la kwanza unapofika siyo "tunaweza kulala hapa?", swali la kwanza ni "hili eneo ni la nani na tunampata wapi?" Mtu yeyote atakujibu la kwanza vizuri kwa ukarimu tu, ila hilo la pili ndo linakufikisha mlangoni panapotakiwa. Na hata ukimpata, uliza kama yuko peke yake kwenye hiyo ardhi, kwa sababu mara nyingi shamba ni la ndugu watatu na mmoja amekubali wengine wawili hawana habari, na hao wawili ndo watakuja usiku na tochi.

Tulimwomba msamaha yule mzee, tukakunja hema tukaondoka, tukarudi mchana wa kesho yake kumwomba vizuri. Akakubali. Nadhani kilichomfanya akubali ni kwamba tulirudi mchana, hatukuwa na haraka, na tulimwambia kila kitu bila yeye kutuuliza: tuko wawili, hema moja, gari moja, siku mbili tunaondoka Jumapili mchana, hatuwashi moto, tuna jiko dogo la gesi, hatuna mbwa, tutaamka saa kumi alfajiri kwa sababu tunataka kupanda kabla ya jua kuupiga ukuta kwa hiyo usishtuke ukiona taa. Hiyo ya mwisho watu huwa wanaisahau. Mtu ambaye hapandi miamba akiona taa za kichwani zinatembea shambani kwake saa kumi alfajiri hawazi michezo, anawaza wezi. Mwambie mapema, mwachie na namba ya simu, mwonyeshe na gari ni lipi.

Halafu mwache akuonyeshe yeye pa kulala. Usimwambie "tumeona pale pazuri". Yeye anajua wapi ng'ombe wanapita usiku, wapi pamepandwa kitu ambacho kwako ni majani tu, wapi maji yanajaa mvua ikinyesha. Ila na wewe angalia kwa macho ya mpandaji: usikubali kulala chini moja kwa moja ya ukuta hata kama pana kivuli kizuri, mawe yanaanguka usiku bila mtu kuyagusa, hasa baridi inapokaza na kuachia. Ukiona vipande vipya vya mawe vyenye kingo kali vimetapakaa kwenye nyasi, hapo siyo pa kulala, mwambie mwenye shamba kwa adabu kwamba ungependa kusogea kidogo. Angalia na juu kama kuna mti mkavu au tawi limekatika limening'inia. Na kule chini kabisa bondeni panavutia kwa sababu ni tambarare, ila hewa ya baridi usiku inashuka na kukaa huko, panda hata mita kumi au ishirini kwenye mteremko utalala na joto zaidi na hema halitalowa sana asubuhi. Jiko usipikie ndani ya hema hata mvua inyeshe vipi, ile gesi ya sumu inayotoka haina harufu, mtu analala haamki. Na kama kuna mifugo, kamba na harnesi (ile mikanda ya kiunoni tunayofungia kamba) viingie ndani ya hema au kwenye gari, ng'ombe wanapenda chumvi na vifaa vyetu vimejaa chumvi ya jasho. Sisi tulikuta mkanda wa harnesi umetafunwa, na mkanda uliotafunwa hauaminiki tena, tuliukata siku hiyo hiyo ili mwingine asije akautumia kwa bahati mbaya.

Sasa suala la choo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndilo linalofunga maeneo mengi kuliko kelele. Ushauri wa kawaida unaojulikana ni kuchimba shimo la sentimita 15 mpaka 20, mbali na maji kama mita 60 hivi, ufukie. Huo ushauri ni mzuri kwenye udongo wa msituni. Chini ya mwamba mara nyingi huna huo udongo, ukichimba sentimita tano umegonga jiwe, kwa hiyo watu wanaishia kuweka jiwe juu na kuondoka, na wikiendi ijayo mwingine hivyo hivyo, na mwenye shamba anatembea na watoto wake anainua jiwe. Kwenye shamba la mtu mi nasema acha kabisa habari ya kuchimba. Muulize kama unaweza kutumia choo chake, kama haiwezekani beba mifuko ya kubebea kinyesi, ile yenye unga ndani unaogandisha, ondoka nayo. Karatasi pia ondoka nayo, usiichome, usiifukie, wanyama wanaifukua. Najua watu wanaona kinyaa kusafiri na hiyo mifuko, lakini fikiria ni nyuma ya nyumba ya nani.

Mageti: ulilolikuta wazi liache wazi, ulilolikuta limefungwa lifunge, hata kama unaona unamsaidia kufanya kinyume. Gari lisizibe njia hata kama ni saa moja tu.

Kuhusu sheria, watu wengi wanaongea kana kwamba mlima ni wa kila mtu, na inategemea uko wapi kabisa. Norway wana sheria ya mwaka 1957 inayomruhusu mtu kulala kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ni ya mtu binafsi, ila awe mita 150 kutoka kwenye nyumba inayokaliwa na asizidi siku mbili sehemu moja bila ruhusa. Scotland nao tangu sheria yao ya 2003 unaweza kupiga hema sehemu nyingi, ila siyo kwenye shamba lenye mazao wala karibu na nyumba za watu. Ukivuka tu kuingia Uingereza yenyewe (England) mambo yanabadilika, sheria ya mwaka 2000 iliwapa watu haki ya kutembea kwenye maeneo mengi ya wazi lakini haikuwapa haki ya kulala, na Dartmoor, eneo la nyika kusini magharibi, peke yake ilibidi kesi ifike Mahakama ya Juu, mwezi Mei 2025 ndo ikaamuliwa kwamba watu wana haki ya kupiga hema pale. Yaani nchi jirani, milima inafanana, ila kile ambacho ni haki yako upande mmoja upande mwingine ni kuvamia. Soma kabla hujaenda. Na hata pale ambapo sheria inakuruhusu mi bado naenda kumsalimia mwenye nyumba iliyo karibu, hajawahi mtu kukasirika kwa kusalimiwa.

Pesa nayo ina mambo yake. Mara ya kwanza nilimpa mzee noti mkononi akakataa, nikadhani amenuna, nikalazimisha, kumbe nilikuwa namweka pabaya. Wenye ardhi wengi hofu yao kubwa ni kwamba utavunjika mguu kwao halafu uwashtaki. Marekani kwa mfano majimbo yana sheria zinazomkinga mwenye ardhi anayewaachia watu waje kujiburudisha bure, lakini akianza kutoza ile kinga mara nyingi inaondoka. Kwa hiyo mtu anayekataa pesa yako usimlazimishe, anaweza kuwa na sababu ambayo hajakueleza. Sisi tulianza kumuuliza kuna kazi gani, na kazi huwa haikosekani, tulinyoosha nguzo za uzio, tulibeba mawe, siku moja mwenzangu alipanda juu ya paa kuziba panapovuja maana urefu kwake siyo tatizo. Nadhani hiyo misimu mitatu ilitokana na hizo saa mbili tatu za kazi kuliko kitu kingine chochote.

Sasa ile sehemu inayoniuma. Msimu wa tatu nilipiga picha alfajiri, hema limewaka taa kwa ndani, ukuta nyuma unaanza kuwa mwekundu, picha nzuri kweli. Nikaituma kwenye grupu la wapandaji na watu wakaanza kuuliza hapo ni wapi, nikawatumia pini ya lokesheni, nikaandika "mzee hana shida kabisa". Hayo maneno manne ndo ninayoyajutia. Mzee hakuwa na shida na sisi wawili, aliotuona, aliotupa kazi, aliojua gari letu. Mimi nikaigawa ruhusa yake kwa watu zaidi ya mia kama vile ni yangu. Wikiendi iliyofuata yalikuja mahema manne, baadaye tisa, mmoja akaja na spika, wengine wakawasha moto ukutani na ule weusi bado unaonekana kwenye mwamba, geti likaachwa wazi ndama wakatoka barabarani. Kila aliyefika alikuwa anamwambia mzee "tumeambiwa huna shida". Alivumilia wiki sita. Halafu akafunga, na hakumfungia fulani, alifunga kwa wote.

Nimekuja kujua baadaye kwamba habari ya namna hii ipo sehemu nyingi, hata wenye ardhi wakiwa wapandaji wenyewe. Kule Red River Gorge, eneo la miamba ya kupanda jimbo la Kentucky, Marekani, ukuta unaoitwa Roadside ulifungwa na wamiliki wake mwaka 2011 kwa sababu watu hawakufuata walichoombwa, na wale wamiliki walikuwa wanapanda na walinunua lile eneo ili watu wapande. Kama mtu anayependa miamba anaweza kuchoka kiasi hicho, mzee ambaye haoni hata maana ya kupanda ukuta wakati njia ya kutembea ipo atachoka mapema zaidi.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Rafiki akiniuliza tulilala wapi simpi pini, nampa jina la eneo kwa ujumla na kumwambia aende mchana akaulize mwenyewe. Kama ni mtu wa karibu sana nampigia kwanza mwenye shamba, namwambia kuna watu wawili ninaowafahamu wangependa kuja, uamuzi ni wako, na akisema hapana siwatumi. Picha naweka za ukutani, za kambi nabaki nazo kwenye simu. Tukiwa zaidi ya wanne hatuombi kabisa shamba la mtu, tunatafuta kambi rasmi hata kama ni mbali na tunaamka mapema zaidi, kwa sababu mtu anakubali watu wawili kichwani mwake akiona sita anajisikia amedanganywa. Wapo wanaosema huu ni uchoyo, kwamba sehemu nzuri ni za kushirikiana, na mi nawaelewa, ila mwamba tunaushirikisha wote, nyasi za mzee hazikuwa zetu za kugawa.

Tulirudi kwa mzee mwaka jana, mchana, hatukubeba kamba wala hema. Nilimwambia ile pini niliituma mimi. Alikaa kimya muda, akasema alikuwa anajua kwamba ni mmoja wetu, hakujua ni nani. Halafu akatuonyesha upande ambao uzio ulilala mvua za mwisho, tukafanya kazi mpaka jioni, tukasafisha na ule weusi wa moto ukutani kwa brashi na maji, haukutoka wote. Mnyororo bado uko getini na hatukumwomba aufungue. Tulipoondoka alituambia mwezi ujao atakuwa anabadilisha nguzo za upande wa mtoni, na sisi tumeshapanga kwenda.