Kabla hamjapanda ndege pale KIA, pangeni mtakavyorudi

Wazazi wa Moshi na Arusha wanaoniuliza kuhusu kuhamia Ujerumani na watoto huanza na viza, halafu baridi, halafu kodi ya nyumba. Mimi huwarudishia swali: mtoto wenu atakuwa darasa la ngapi mkirudi? Kama mnakwenda kwa miaka michache tu, kwa masomo au kwa mkataba wa kazi, swali hilo ndilo litakaloamua mengi mtakayofanya mkiwa kule.

Sisi tuliishi Leipzig wakati nasomea uzamivu. Mume wangu alimkabidhi mdogo wake duka letu la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, akaja na watoto.

Makaratasi kwanza, kwa kifupi. Watoto wengi wa kwetu wana tangazo la kizazi tu, lile la hospitali. Halitoshi. Nendeni RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, mkachukue cheti cha kuzaliwa, na majina yafanane herufi kwa herufi na ya kwenye pasipoti. Kitu kingine ni kadi ya kliniki. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inadai mtoto wa chekechea au wa shule awe amechanjwa surua, na aliyetimiza miaka miwili awe amepata chanjo mbili. Huku kwetu chanjo hiyo hutolewa akiwa na miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili husahaulika sana kwa sababu wazazi wengi wanakuwa wameshaacha kumpeleka mtoto kliniki kila mwezi. Fungua kadi uangalie leo. Leseni yako ya udereva ya Tanzania itakufaa kwa miezi sita tu tangu uanze kuishi kule.

Sasa nizungumze na yule anayefuata mwenzake, maana huyo husahaulika kabisa. Mwenye masomo au kazi anafika na kukuta ofisi, wenzake na ratiba. Anayefuata anafika na kukuta chumba na watoto. Hakuna dada wa kazi, hakuna bibi wa kumpelekea watoto, jirani anasalimia na kupita. Mume wangu alikuwa mtu anayejulikana mjini, mafundi wanamwita bosi, na ghafla akawa baba anayesubiri watoto mlangoni. Kwa mwanamume aliyekulia Uchagani hilo si jambo dogo, na lisemwe kabla ya safari, si baada ya ugomvi wa kwanza. Tulikaa na wazazi wetu wa pande zote mbili tukawaeleza nani atafanya nini kule, ili maneno ya ukoo yasitufuate kwenye simu.

Kilichomwokoa ni lugha. Mwenzi anayefuata mara nyingi hudaiwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, na mtihani unafanyika Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, Dar es Salaam. Wengi wakishakipata hufunga madaftari. Nawasihi msifunge. Kwa A1 utanunua mkate, lakini hutamwelewa mwalimu wa mwanao wala hutapata kazi ya maana. Endelea mpaka lugha ikubali, hata kama mwenye masomo atalazimika kubaki na watoto jioni. Nasema kwa uzito wote: fedha za kozi ya mwenzi ziwekwe kwenye bajeti kabla ya fedha za makoti.

Chekechea andikisheni mapema. Tangu Agosti 2013 mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi, ila nafasi zenyewe zinagombaniwa. Akishapata, wiki za mwanzo mzazi hukaa naye pale na kuondoka kidogo kidogo hadi azoee, kwa hiyo usiahidi kuanza kazi siku hiyo hiyo. Desemba jua la Leipzig huzama kama saa kumi jioni. Toka na watoto mchana hata kama kuna baridi, wenyeji hufanya hivyo.

Baada ya muda mfupi watoto watacheza na kugombana kwa Kijerumani. Hapo ndipo lile swali la darasa linaporudi. Kuongea Kiswahili nyumbani ni lazima, lakini hakutoshi kwa mtoto atakayerudi shuleni Tanzania: anatakiwa kukisoma na kukiandika. Bebeni vitabu vya darasa la kwanza na la pili, mkae navyo mezani Jumapili. Maduka yamefungwa siku hiyo, muda upo.

Na bibi apewe kazi. Simu za "hamjambo, mmekula nini" huwachosha watoto. Mama yangu aliyeko Kibosho alikuwa anawasimulia hadithi kwa vipande, akikatiza pale panaponoga. Kule ni nyuma ya kwetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi, kwa hiyo hadithi ya kabla ya kulala imkute bibi hajasinzia.

Kama mna nauli ya kuja likizo mara moja tu, njooni Desemba, hata kama tiketi ni ghali kuliko miezi mingine. Ndiyo wakati Wachaga wote wanapanda nyumbani, na mtoto anakutana na binamu zake wote pamoja. Fanyeni hivyo akiwa bado chekechea, maana akianza shule hamtaruhusiwa kumtoa nje ya likizo bila kibali cha shule.

Kurudi kwenyewe: mwaka wa shule wa kule huisha Juni au Julai, wa kwetu huanza Januari. Rudini Julai. Mtoto akae darasani miezi iliyobaki bila presha ya kupanda darasa, apate na twisheni ya Kiswahili, au ya Kiingereza kama mmechagua shule ya mchepuo huo, maana aliyesoma chekechea na shule ya Kijerumani anaweza kufika hana Kiingereza pia. Ripoti zake za shule zitafsiriwe kabla hamjaondoka kule. Jitahidini asirudi katikati ya darasa la nne, kwa sababu kuna upimaji wa kitaifa mwisho wa mwaka. Mwalimu mkuu akishauri arudie darasa la pili au la tatu, kubalini, na mwambieni mtoto sababu yake ninyi wenyewe kabla hajaisikia kwa wenzake.